Huduma ya kutafutiwa nyumba ya kununua Arusha: tathmini ya kazi yao na ya maeneo waliyotuonyesha

Mimi na mume wangu tumekuwa wapangaji hapa Arusha tangu tulipohamia kikazi, na mwaka huu tuliona wakati umefika wa kununua nyumba. Tulitaka nyumba ya kuishi wenyewe kwa sasa, ila iwe nyumba ambayo baada ya miaka 15 au 20 bado itapata mnunuzi au mpangaji bila mahangaiko, kwa kuwa ndiyo itakayobeba sehemu kubwa ya akiba yetu ya uzeeni. Badala ya kuzungushwa na dalali mmoja baada ya mwingine, tulilipia huduma ya ofisi moja ya hapa mjini ambayo, kwa ada inayolipwa mapema, humtembeza mnunuzi kwenye nyumba zinazouzwa, humkagulia nyaraka na kumwandikia taarifa ya kila nyumba aliyoipenda. Siitaji ofisi hiyo kwa jina, kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema ni malalamiko, na kwa sababu anayetafuta huduma ya namna hii anaweza kuipima ofisi yoyote kwa vigezo hivi hivi. Hukumu yangu ni kwamba kwenye nyaraka walistahili kila shilingi tuliyowalipa, lakini kwenye swali la eneo gani litashika thamani kwa miaka mingi ushauri wao ulikuwa dhaifu, na kazi hiyo ilibidi tuifanye sisi.

Uzito wa swali hilo unaonekana mtu akipiga hesabu ya pango. Tuchukue mfano wa nyumba inayouzwa shilingi milioni 180, ambayo mpangaji anaweza kuilipia 700,000 kwa mwezi. Ikiwa haitakaa tupu hata mwezi mmoja, kwa mwaka italeta milioni 8.4, kiasi ambacho hakifiki asilimia 5 ya bei yake, na hapo bado hujapaka rangi, hujabadilisha mabomba wala hujalipa kodi. Hatifungani za Hazina za miaka 20 na 25 zilizotolewa miaka ya karibuni zimelipa riba inayozidi asilimia 12 kwa mwaka, na mwenye hatifungani hapigiwi simu usiku kwamba choo kimeziba. Anayenunua nyumba kama uwekezaji, basi, anategemea zaidi kupanda kwa thamani ya ardhi iliyo chini ya nyumba hiyo kuliko pango, na ardhi haipandi kwa kiasi kimoja kila mahali. Ndiyo maana nilitarajia ofisi ianze na eneo kabla ya kufika kwenye vigae na madirisha ya aluminiamu.

Nianze na walichokifanya vizuri, kwa sababu ndicho kilichotuokolea fedha. Kila nyumba tuliyosema tunaitaka waliifanyia upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati kabla hatujaruhusiwa hata kuzungumza bei, na walituletea matokeo yakionyesha jina la mmiliki, muda uliobaki kwenye hati, na kama kuna rehani au zuio lililosajiliwa. Nyumba moja ya Njiro, ambayo mimi nilikwisha kuipenda kwa sababu ya bustani yake, ilikutwa na rehani ya benki ambayo muuzaji hakuitaja hata mara moja katika mazungumzo yote. Kijana aliyekuwa akitutembeza alimuuliza kwa heshima zote, "Mzee, kuna deni lolote kwenye hii nyumba?" naye akajibu kwamba nyumba ni yake na hadaiwi na mtu. Karatasi ya upekuzi ilisema vingine. Tuliachana na nyumba hiyo siku ile ile, na ninaamini bila karatasi ile tungekuwa tumeshatoa malipo ya awali.

Vilevile walitueleza, kwa uvumilivu mkubwa, tofauti ya mambo ambayo wauzaji wengi huyataja kana kwamba ni kitu kimoja. Nyumba "yenye hati" ni ile ambayo haki ya kumiliki ardhi yake imesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kwa muda ambao mara nyingi ni miaka 33, 66 au 99. Nyumba "iliyopimwa" inaweza kuwa na bikoni, yaani alama za mipaka, na namba ya kiwanja kwenye ramani ya upimaji bila kuwa na hati yoyote, na katika mitaa iliyopitiwa na zoezi la urasimishaji zimo nyumba za namna hiyo ambazo wenyewe walilipia upimaji wakaishia hapo. Kuna pia nyumba ambazo nyaraka yake pekee ni makubaliano ya mauziano yaliyopigwa mhuri na mtendaji wa mtaa. Mhuri huo unathibitisha kwamba watu fulani waliuziana mbele ya shahidi fulani, lakini haumpi mnunuzi haki iliyosajiliwa, na benki haitamkopesha kwa dhamana yake. Kwa mtu anayefikiria miaka 20, hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote, kwa kuwa mnunuzi wake wa baadaye huenda akahitaji mkopo wa benki, na nyumba isiyokubalika benki ina wanunuzi wachache, kwa hiyo ina bei ndogo.

Walitukumbusha pia mambo mawili ya kisheria ambayo watu huyapuuza wakiwa na haraka. La kwanza ni ridhaa ya mwenzi, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. La pili ni gharama za kuhamisha miliki, yaani uthamini wa nyumba, ushuru wa stempu wa asilimia 1, ada za usajili, na upande wa muuzaji kodi ya mapato ya asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa Tanzania. Fomu za uhamisho, namba 29, 30 na 35, walizijaza pamoja na wakili wetu, na hapakuwa na kurudishwa hata fomu moja. Ukihitaji ofisi ya kukusimamia kwenye karatasi tu, ningekuambia uende kwao leo.

Sasa nije kwenye maeneo. Taarifa zao zilisema kila mahali kwamba ni "eneo linalokua kwa kasi". Maneno hayo hayamsaidii mnunuzi, kwa sababu Arusha yote inakua kwa kasi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha, na ya mwaka 2022 ikahesabu 617,631, ongezeko la karibu nusu nzima ndani ya miaka kumi. Swali la mnunuzi ni watu hao wanakwenda kukaa wapi, wanakunywa maji gani, na kama barabara inayowafikisha nyumbani inapitika mwezi wa nne, wa mvua.

Njiro ndiko walikotupeleka kwanza, na sishangai. Ni eneo lililopangwa kwa vitalu, viwanja vingi vina hati, lami inafika mbali, na taasisi kama Chuo cha Uhasibu na ESAMI, ile taasisi ya mafunzo ya uongozi, zimekuwapo huko kwa miaka mingi, jambo linalomaanisha kwamba wapo wahadhiri, wafanyakazi na wanafunzi wanaotafuta pa kupanga kila mwaka. Lakini Njiro ina historia ambayo mnunuzi wa leo anapaswa kuijua. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kuwekwa hapa Arusha, ilileta wafanyakazi wa kigeni wengi waliolipa pango kwa dola, na nyumba kubwa zenye vyumba vya wageni na nyumba za watumishi uani zilijengwa kwa kuwatazamia wao. Mahakama hiyo ilifungwa rasmi tarehe 31 Desemba 2015. Wakazi wa zamani wa Njiro wanakumbuka namna wenye nyumba walivyoanza kuteremsha bei, wengine wakagawa nyumba moja kuwa mbili ili zipate wapangaji wa kipato cha kawaida. Chombo kilichorithi kazi za mahakama hiyo kina ofisi zake Lakilaki, Jumuiya ya Afrika Mashariki bado ina makao yake makuu hapa, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa tangu 2007, lakini mpangaji wa kimataifa hapatikani tena kwa wingi ule.

Kutokana na historia hiyo, nilikataa nyumba mbili kubwa za Njiro ambazo ofisi ilizisifu sana. Nyumba ya vyumba sita yenye ua mpana ina soko dogo, kwa sababu familia ya Kitanzania yenye uwezo wa kuinunua mara nyingi hupendelea kujenga ya kwake. Nyumba ya vyumba vitatu kwenye kiwanja chenye hati, umbali wa kutembea kwa miguu hadi kwenye daladala, inatafutwa na mwalimu, mhasibu, daktari kijana na mfanyabiashara wa Soko Kuu kwa pamoja. Nakumbusha pia kwamba tangu Machi 2025 kanuni za nchi zinakataza kutaja bei au kudai malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo taarifa yao iliyokadiria pango la nyumba moja "kwa dola" ilikuwa imepitwa na wakati siku ilipoandikwa. Kwa nyumba ya ukubwa wa kati, hata hivyo, Njiro naiweka juu. Bei yake haitaruka, kwa kuwa imekwisha kupanda, lakini sioni sababu ya kuanguka.

Upande wa kusini na mashariki ndiko kwenye mvutano mkubwa zaidi sasa hivi. Mwaka 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kwa pamoja uenyeji wa AFCON ya 2027, yaani mashindano ya mpira ya mataifa ya Afrika, na uwanja wa mpira wa watu 30,000 ukaanza kujengwa kata ya Olmoti. Kila muuzaji wa Olmoti, Muriet na sehemu za Moshono tuliyekutana naye alianza mazungumzo kwa kutaja uwanja. Mmoja alituonyesha kwa kidole mahali uwanja ulipo na kuongeza milioni kadhaa papo hapo, baada ya kumsikia mume wangu akisema nyumba imemvutia. Mashindano ya mpira hudumu wiki chache, na uwanja wa michezo kwa siku nyingi za mwaka uko kimya. Kinachobaki kwa mkazi ni barabara, mifereji na taa vilivyojengwa kwa ajili yake. Hivyo ndivyo mnunuzi anapaswa kuvitazama: mfereji upi umekwisha kujengwa, lami imefika kwenye mtaa upi. Ahadi ya uwanja imekwisha kuingizwa kwenye bei, na anayenunua leo anamlipa muuzaji faida ambayo angepaswa kuisubiri mwenyewe.

Kilichobadilisha upande huo kwa kweli, kwa maoni yangu, ni barabara ya mchepuko ya kilometa 42.4 inayotoka Ngaramtoni na kuzunguka kusini mwa jiji hadi Usa River, iliyojengwa pamoja na njia nne za Sakina hadi Tengeru zenye kilometa 14.1. Mtaa ulio dakika chache kutoka kwenye mchepuko huo hauhitaji kupita katikati ya mji kwenda Moshi au Namanga, na faida hiyo haiondoki. Lakini hapa pia ofisi ilituangusha. Nyumba moja waliyotuonyesha ilikuwa karibu mno na barabara kuu, na hawakupima umbali. Hifadhi ya barabara kuu, kwa kanuni za Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na ukuta wa nyumba ile ulikuwa umeingia ndani ya kipimo hicho. Tulipima wenyewe kwa utepe wa fundi.

Jambo la makorongo lazima nilieleze kwa kirefu, kwa sababu linahusu uhai wa watu kabla ya thamani ya mali. Muriet na mitaa inayoizunguka imekatwa na makorongo yanayoshusha maji kutoka miteremko ya Mlima Meru. Kwa miezi mingi korongo ni kavu, watoto huchezea ndani yake na watu huvuka kwa miguu. Aprili 2024, katika mvua kubwa zile, gari la shule lilisombwa na maji kwenye korongo huko Muriet na watoto wakapoteza maisha. Mtu aliyeishi Arusha mwaka ule hawezi kutazama nyumba iliyo kando ya korongo na kuona tu bei yake nzuri. Tuliwaomba ofisi watupeleke tena kwenye nyumba mbili za upande huo baada ya mvua kunyesha. Walisema ada yetu haihusishi safari ya pili na kwamba gari lao lingekwama. Jibu hilo lenyewe lilikuwa taarifa. Tulikwenda kwa bodaboda, tukashuka kwenye lami na kutembea. Kwenye nyumba ya kwanza tulikuta alama ya matope ukutani, juu kidogo ya tofali la pili, imepakwa rangi mpya ambayo haikuifunika vizuri. Jirani, mama wa makamo aliyekuwa akifyagia tope mlangoni kwake, alipokea salamu yetu na kutuambia bila kuulizwa, "Mwanangu, hapa maji huja kutoka huko juu. Wenye nyumba hii walihamia kwa ndugu zao mwezi mzima."

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Hili linawahusu wanaovutiwa na viwanja vya kando ya Themi, Naura na Kijenge, ambavyo vina miti mizuri na hewa baridi. Nyumba iliyo ndani ya mita hizo inaweza kuwekewa alama ya kubomolewa wakati wowote, na hati haitazuia mafuriko.

Kwenye tambarare za Muriet na Kisongo kuna suala la udongo pia. Udongo mweusi wa mbuga huvimba ukiloa na kusinyaa ukikauka, na nyumba iliyojengwa juu yake kwa msingi wa kawaida hupasuka kuanzia kwenye pembe za madirisha, ufa ukipanda kwa mshazari kuelekea kwenye paa. Ukiona ufa wa namna hiyo uliojazwa saruji mpya, mlete fundi unayemwamini kabla ya kuzungumza lolote. Miteremko ya juu ina udongo wa volkano unaopitisha maji vizuri zaidi, na ni sababu mojawapo inayonifanya nipende Moshono ya juu kuliko tambarare, ingawa taarifa ya ofisi haikuwa na neno hata moja kuhusu udongo.

Maji ndiyo kigezo ambacho ningetaka kila mnunuzi wa Arusha akiweke karibu sawa na hati. Miamba ya volkano ya Meru hutia floraidi nyingi kwenye maji ya chini ya ardhi, na visima vingi vya mkoa huu vimepita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Viwango vya Tanzania vyenyewe viliwahi kuruhusu hadi miligramu 4 kwa sababu ya ugumu wa kupata maji bora zaidi. Matokeo yake yanajulikana na kila mkazi wa hapa, yaani meno ya kahawia kwa waliokulia maji hayo na, pale floraidi inapozidi sana, mifupa kupinda. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa. Serikali nayo imetumia shilingi bilioni 520 kwenye mradi mkubwa wa maji wa Arusha, uliokusudiwa kupandisha uzalishaji kutoka lita milioni 40 hadi lita milioni 200 kwa siku, na palipofikiwa na mabomba ya AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, hali imekuwa nyingine kabisa.

Kwa hiyo muuzaji anapojivunia "kisima kirefu ndani ya ua", mnunuzi asifurahi haraka. Tulichukua maji ya kisima kimoja cha nyumba tuliyoonyeshwa, tukayapeleka maabara kwa fedha zetu, na yalikutwa na floraidi inayozidi kiwango mara kadhaa. Bei ya nyumba ile ilikuwa imepandishwa kwa sababu ya kisima. Ofisi, nilipowauliza kwa nini hawapimi maji, walijibu kwamba wateja hawaombi. Ninaona ni wajibu wao kuwaeleza wateja, hasa wanaohamia kutoka Dar es Salaam au Mwanza, ambao hawana sababu ya kujua.

Ilboru na Sekei zinavutia kwa hali ya hewa, na ziko karibu na mji kiasi cha kwenda kazini kwa miguu. Huko tatizo kubwa ni asili ya umiliki. Maeneo mengi ni ardhi ya ukoo iliyogawanywa kwa vizazi, na nyumba inayouzwa na kaka mmoja inaweza kuwa na ndugu wengine watano wenye haki ndani yake. Usikubali kununua mali ya marehemu pasipo barua ya mahakama inayomtambua msimamizi wa mirathi na pasipo saini za warithi wote wazima. Nikitazama upande wa Meru, Tengeru hadi Usa River, kumbukumbu ya ardhi ni ndefu zaidi; mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru Engare Nanyuki ili kuwapa walowezi nafasi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda New York kupeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Watu wenye historia hiyo wana haki ya kuwa makini na ardhi yao, na mnunuzi anapaswa kuja kwao kwa utaratibu, akianza na wazee na majirani wa mpakani. Tengeru ina Taasisi ya Nelson Mandela na Taasisi ya Maendeleo ya Jamii, ina soko kubwa na sasa ina njia nne hadi mjini. Ningenunua huko, kama ningepata hati safi.

Ngaramtoni na Kisongo nitazipita kwa maneno machache. Ngaramtoni ina hewa nzuri na wapangaji wa hospitali ya Selian. Kisongo iko karibu na uwanja wa ndege wa Arusha, ina upepo na vumbi, na kuna njia ya umeme wa kilovolti 400 ya Singida hadi Namanga upande huo ambayo mnunuzi anapaswa kujua inapita wapi. Safari City ya Shirika la Nyumba la Taifa, iliyo upande wa Mateves, imepangwa tangu mwanzo kwa barabara na huduma, jambo ambalo ni nadra hapa, lakini thamani yake itategemea watu kuhamia na kujaza mitaa yake, na hilo linahitaji subira.

Mume wangu, ambaye kwao ni Kibosho, alitaka pia tuitazame Moshi. Kuna hoja nzuri upande wake. Juu ya mji kuna vihamba, yaani mashamba ya ukoo ya migomba na kahawa, ambavyo Wachaga hawaviuzi kwa mgeni kirahisi, na chini kuna mashamba ya miwa ya TPC, kwa hiyo ardhi ya kujenga ni finyu. Wapangaji wa hospitali ya KCMC, Chuo cha Ushirika na vyuo vingine hawakosekani, na maji ya chemchemi za Kilimanjaro ni mazuri kuliko yetu. Lakini Manispaa ya Moshi ilikuwa na watu 184,292 mwaka 2012 na 221,733 mwaka 2022, ongezeko la kama asilimia 20 tu. Kwa anayetaka utulivu Moshi ni bora. Kwa anayetaka thamani ipande, idadi ya watu inaielekea Arusha.

Narudi kwenye ofisi yenyewe kwa mambo mawili yaliyobaki. Bei walizotuwekea kwenye jedwali la kulinganisha zilikuwa bei zinazotajwa na wauzaji, wala si zile ambazo nyumba ziliuzwa kwa kweli, na tofauti kati ya hizo mbili katika mji huu ni kubwa. Mtu anayekadiria thamani kwa bei za matangazo atanunua ghali kila mara. Jambo la pili ni zito zaidi, kwamba tuligundua katikati ya kazi kuwa walikuwa wakipokea kamisheni kwa wauzaji wa baadhi ya nyumba walizotuonyesha, wakati sisi tumekwisha kuwalipa ada. Walipoulizwa hawakukana; walisema ndivyo soko lilivyo. Mnunuzi anayelipia ushauri anastahili kujua mshauri wake analipwa na nani mwingine, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza.

Nyumba tuliyoichagua iko Moshono ya juu, ina vyumba vitatu, hati ya miaka 99, bomba la AUWSA lenye mita, na iko mbali na korongo lolote. Haikuwa kwenye orodha yao. Tuliambiwa habari zake na mwenyekiti wa mtaa tulipokwenda kuwauliza majirani kuhusu nyumba nyingine. Upekuzi, mkataba na fomu za uhamisho tuliwapa wao wazisimamie, na tulikubaliana kwa maandishi kwamba malipo yao ya kazi hiyo yatatolewa hati itakapotoka ikiwa na majina yetu yote mawili.